Namna ninavyoionja bia kwa haki

Ubishi wa bia mezani petu ulikuwa uleule kila Ijumaa. Mnywaji wa Safari anadai Kilimanjaro ni maji, wa Kilimanjaro anasema Guinness ni dawa, na kila mmoja anaapa kwamba yake anaitambua hata gizani. Mimi bia naipenda, na ubishi huo ulinikera kwa sababu hakuna aliyekuwa akionja. Watu walikuwa wakitetea lebo.

Nikatafuta namna ya kupima. Kilichonisaidia zaidi ni fomu ya BJCP, chama cha Marekani kinachofundisha waamuzi wa mashindano ya bia. Inatoa alama 50: ladha 20, harufu 12, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, na 10 za tathmini ya jumla. Mwonekano, yaani rangi, povu na uangavu vyote pamoja, unapata 3 tu. Nilipoona hivyo nilielewa kwa nini kunusa kunastahili muda, jambo ambalo anayekunywa chupani moja kwa moja hawezi kulifanya. Kwa hiyo glasi ni lazima, na zote ziwe za aina moja.

Chupa hazifiki mezani. Rafiki asiyekunywa pombe huzifungua jikoni, humimina kiasi cha vidole viwili na kuandika namba chini ya kila glasi. Tunaanza na nyepesi na kumalizia na nyeusi, nne au tano basi, maana baada ya hapo ulimi umechoka. Katikati ni maji na mkate mkavu. Mishkaki na pilipili vinasubiri. Na hakuna kusema neno mpaka kila mtu ameandika alama zake, kwa sababu akitangulia mmoja kusema "hii chungu", wote wataukuta uchungu.

Baridi nayo ina mambo yake. Mhudumu akikuuliza, "Kaka, ya moto au baridi?" anakuuliza jambo kubwa kuliko anavyodhani. Baridi kali inaficha harufu. Laga, yaani bia nyepesi kama Safari na Kilimanjaro, nainywa ikitoka kwenye friji, lakini stauti, yaani bia nyeusi kama Guinness, naitoa mapema ipungue ubaridi kidogo, ndipo harufu ya kahawa na chokoleti inapojitokeza. Wazee wanaoagiza ya moto wanapata ladha nyingi kuliko sisi tunaowacheka.

Lakini kiini cha haki ni kuihukumu bia kwa aina yake. Laga huchachushwa na kuhifadhiwa kwenye baridi ili iwe safi na isiyo na makuu, hivyo kuiita nyepesi si kasoro. Weusi wa stauti na sehemu ya uchungu wake vinatokana na shayiri iliyokaangwa, na ndivyo mpishi wake alivyokusudia. Huwezi kuukosoa ugali kwa kuwa si pilau.

Bia ya ngano ya Kijerumani ndiyo iliyotupima vizuri. Nilileta Erdinger, ambayo si angavu kwa sababu chachu imebaki ndani ya chupa. Rafiki mmoja aliinusa akaandika, "Imeharibika, inanuka ndizi." Mimi ni mtu wa Moshi, nimekulia kwenye mbege, na harufu ile ilinifurahisha sana. Mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi kweli, ila ndani ya Erdinger hakuna ndizi hata moja: chachu yenyewe ndiyo inayozalisha harufu hiyo, pamoja na ile inayofanana na karafuu. Tulipomweleza kwamba bia ya aina ile ikikosa ndizi na karafuu ndiyo yenye upungufu, aliionja upya. Hakuipenda, lakini aliipandisha alama. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu.

Kasoro za kweli zipo, na zina dalili zake. Harufu ya siagi kwenye laga, harufu ya mahindi ya kuchemsha, au ile ya boksi lililolowa, ambayo huonyesha bia imezeeka au imeingiwa na hewa. Mwanga nao huharibu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuleta harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani na nyeupe hazikingi sana, kwa hiyo sichukui chupa iliyokaa kwenye rafu ya dirishani. Naomba ya ndani ya katoni na nasoma tarehe. Nikikuta kasoro, natafuta chupa nyingine ya bia hiyohiyo kutoka duka jingine kabla sijaandika alama, kwani mara nyingi kosa ni la jua au la ghala, na mpishi hahusiki.

Majina yalipofichuliwa, yule aliyeiita Kilimanjaro maji alikuwa ameipa alama za juu kuliko laga zote. Akaomba karatasi yake, akaisoma mara mbili, kisha akataka turudie wiki inayofuata na Tusker iwemo.