Tulivyolipata jina la ugonjwa wa mtoto wa kaka yangu

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na faili katika kila hospitali aliyopitishwa, na kila faili lilimpa ugonjwa wake. Kliniki ya macho ilimjua kama mtoto wa makengeza. Kitengo cha lishe kilimjua kama mtoto asiyeongezeka uzito hata akilishwa vizuri. Watu wa mazoezi ya viungo waliandika mtindio wa ubongo. Mahali pengine vimeng'enya vya ini vilitoka juu, akapimwa homa ya ini, hakukutwa nayo, na habari ikaishia hapo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya hapa Busia, upande wa Uganda. Naandika jinsi mambo hayo yote yalivyokuja kuwa ugonjwa mmoja, PMM2-CDG, kwa sababu naamini kuna familia Tororo, Arua, hata kule Nakivale, zenye mtoto wa namna hii na lundo la mafaili yasiyozungumza.

Nilianzia kwenye lile neno mtindio. Huku kwetu mtoto akichelewa kukaza shingo huitwa hivyo mara moja, na mara nyingi ni kweli: watoto hukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au hupata manjano kali, au malaria hupanda kichwani. Lakini huyu alizaliwa kwa wakati wake na akalia papo hapo. Manjano hakupata. Degedege hakuwa nayo. Na mwili wake haukukakamaa, ulikuwa laini mno. Ukimnyanyua kwa makwapa anateleza mikononi. Mtindio wenye ulegevu upo, sikatai. Ila ulegevu usio na sababu yoyote katika uzazi unadai maelezo, na neno hilo halifai kuandikwa kwenye faili la mtoto kabla ya mtu kuuliza limetoka wapi.

Basi nikamwomba wifi tukae dirishani mchana, tumvue mtoto nguo zote, tumtazame kuanzia utosini hadi nyayo. Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu magonjwa ya kurithi yanayogusa ini na ubongo kwa pamoja, na nilijua mengine huacha alama kwenye ngozi na umbo.

"Wifi, hizi chuchu zake zilikuwa hivi tangu azaliwe?"

"Tangu azaliwe. Zimeingia ndani. Nilidhani zitatoka akikua."

Juu ya makalio, kila upande, kulikuwa na uvimbe laini wa mafuta. Mama yangu alikuwa akiuonyesha kwa wageni kama ushahidi kwamba mjukuu wake ana afya, mbona hata mafuta anayo. Lakini mapaja yalikuwa membamba na mbavu zinahesabika. Mafuta yamekaa mahali pasipo pake. Tukaandika yote kwenye karatasi moja, kwa mwandiko unaosomeka: makengeza, ulegevu, uzito, ini, chuchu, mafuta, kuchelewa kukaa, na historia ya uzazi juu kabisa. Nyuma ya karatasi nikaandika majibu yote ya maabara kwa tarehe.

Karatasi ile ndiyo iliyofanya kazi. Tulimpelekea daktari bingwa wa watoto Kampala, mwenye moyo wa kusikiliza, akaisoma hadi mwisho kabla hajasema neno. Kisha akamvua mtoto nguo naye. Akaagiza vipimo vya kuganda kwa damu, sukari, albumini, tezi ya shingo, na moyo kwa mawimbi ya sauti, maana katika ugonjwa aliokuwa akiuwazia maji huweza kujaa kwenye mfuko wa moyo. Moyo ulikuwa salama. Damu ilichelewa kuganda. Akaagiza pia picha ya ubongo ya MRI, iliyotugharimu sana, na hapo serebelamu, ile sehemu ya nyuma inayosimamia mizani ya mwili, ikaonekana ndogo kuliko inavyotakiwa. Daktari akaweka kalamu chini akasema, "Musawo," yaani mganga kwa Kiganda, "nadhani ni CDG."

CDG ni kundi la magonjwa ya kurithi yanayoharibu glaikosilesheni, yaani kazi ya mwili ya kupachika minyororo ya sukari kwenye protini. Kaka yangu ni wakala wa forodha, na nilimweleza kwa kazi yake: protini ni lori, minyororo ile ni hati zake, bila hati mzigo unaweza kuwa mzuri lakini hauvuki, au unapelekwa yadi isiyo yake. Alielewa papo hapo kwa nini ugonjwa mmoja unaweza kugusa macho, ini, ubongo na damu kwa wakati mmoja, kwa sababu karibu kila kiungo kinategemea protini za aina hiyo. Daktari wa Ubelgiji, Jaak Jaeken, ndiye aliyeeleza wagonjwa wa kwanza mwaka 1980, watoto mapacha wa kike. Leo aina zinazojulikana zimepita 150, kila moja na jeni yake, na inayoonekana zaidi ni hii ya PMM2, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997.

Kipimo cha kwanza hakitazami jeni. Kinatazama transferini, protini inayobeba madini ya chuma kwenye damu. Transferini ya kawaida hubeba minyororo miwili ya sukari, na kwa nyingi kati yake ncha za minyororo hiyo zina jumla ya asidi nne za siali, aina ya sukari yenye chaji hasi. Mnyororo mmoja ukikosekana, zinabaki mbili. Yote ikikosekana, hakuna. Ukizipitisha protini kwenye jeli yenye umeme, kila kundi linasimama mahali pake kulingana na chaji. Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia, kwa kuwa ni njia ndugu ya ile tunayotenganishia himoglobini kutafuta seli mundu, na seli mundu ni kazi yetu ya kila siku Uganda. Hata kadi ya damu kavu tunaijua vizuri tangu zamani, kutokana na upimaji wa virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga.

Nilimtoa damu mwenyewe: kadi ya damu kavu, seramu iliyotenganishwa mapema na kugandishwa, na bomba la kifuniko cha zambarau kwa ajili ya jeni. Daktari ndiye aliyeandikiana na maabara ya Ulaya na kushughulikia vibali. Jambo moja nililolisisitiza, na ninawasihi walio maabara walizingatie, ni kuchukua damu ya baba na mama siku hiyo hiyo. Sababu si jeni peke yake. Kuna watu wenye transferini ya umbo tofauti kidogo kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote, na aina iitwayo D huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwenye jeli huweza kudanganya, ikafanana na ugonjwa. Ukiwa na damu ya wazazi unaona kama mmoja wao ana mstari huo huo akiwa mzima. Mambo mengine yanayodanganya ni galaktosemia (mwili kushindwa kutumia galaktosi, sukari itokanayo na maziwa), ugonjwa mwingine wa kurithi wa kushindwa kutumia sukari ya matunda, na kwa watu wazima pombe nyingi. Na kuna aina za CDG ambazo transferini yake hutoka safi kabisa, kwa hiyo jibu zuri halifungi mlango ikiwa dalili zinaendelea kukuambia vingine.

Jibu letu lilitoka aina ya kwanza, maana yake minyororo mizima inakosekana, kasoro iko kwenye kuitengeneza au kuipachika. Aina ya pili ni pale minyororo imepachikwa lakini haikumaliziwa vizuri. Wazazi wote wawili walikuwa na transferini ya kawaida.

Ndipo wakasoma jeni. Kwenye PMM2, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, walikuta mabadiliko mawili tofauti, moja kwenye kila nakala. La kwanza lilishajulikana kuwa huleta ugonjwa. La pili liliandikwa kwamba maana yake haijathibitika. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu familia nyingi za Kiafrika zitakutana na sentensi hiyo. Hazina za taarifa za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi tumo wachache. Badiliko likionekana kwetu kwa mara ya kwanza, kompyuta haina cha kulinganisha nalo. Kilichotuokoa ni ile karatasi na ile jeli. Mtoto mwenye chuchu zilizoingia ndani, mafuta juu ya makalio, serebelamu ndogo, damu isiyoganda sawasawa na transferini ya aina ya kwanza, akikutwa na badiliko geni kwenye PMM2, badiliko hilo si geni tena. Baadaye walipima kimeng'enya chenyewe kinachotengenezwa na jeni hii, kwenye chembe nyeupe za damu, na kikakutwa dhaifu. Jeni bila mwili ingetuacha na shaka, na mwili bila jeni ungetuacha na dhana.

Nililojali zaidi katika majibu yale lilikuwa mistari miwili ya chini: badiliko moja limetoka kwa mama, moja kwa baba. Wifi alikuwa amebeba maneno mengi. Wengine walisema ni laana ya kwao, wengine kwamba alikula kitu kibaya akiwa mjamzito. Mama yangu alirudia mara kwa mara kwamba kwetu hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii. Nikamwita yeye na wajomba, na kaka akiwepo, nikawasomea.

"Mama, nusu ya ugonjwa huu imetoka kwetu. Huenda ni kwako, huenda ni kwa marehemu baba. Hata mimi naweza kuwa nayo."

"Mbona sisi ni wazima?"

"Mwenye nakala moja mbovu haumwi. Inaweza kupita vizazi vingi bila kuonekana, mpaka ikutane na nyingine."

Alinyamaza, kisha akamwomba wifi msamaha mbele ya wote. Sijaona kipimo kingine cha maabara kikifanya hivyo.

Watu walipopata habari walitutumia ushauri, na mmoja akatuambia kuna sukari iitwayo manosi inayoponya CDG. Ni kweli kwa aina moja, MPI-CDG, inayogusa ini na utumbo na kuacha ubongo. Huko mwili unashindwa kujitengenezea manosi fosfeti, umbo la manosi linalohitajika kujenga minyororo ile, na manosi ya kunywa inaziba pengo. Kwetu kasoro iko hatua inayofuata. Manosi inafika, inakwama hapo hapo. Kwa hiyo hatukununua. Lakini ni sababu kubwa ya kutafuta jina kamili la aina, maana mtoto mwenye MPI akiachwa bila kutambuliwa anakosa dawa iliyopo, na aina ya PGM1 nayo husaidiwa na galaktosi.

Kwa mtoto wetu hakuna tiba ya kuondoa ugonjwa. Kilichobadilika ni uangalizi. Kabla ya upasuaji wa makengeza damu yake itapimwa kwanza, kwa sababu katika ugonjwa huu inaweza kuvuja kupita kiasi na pia inaweza kuganda pasipotakiwa. Homa hatuichezei: wagonjwa wa PMM2 huweza kupatwa na hali inayofanana na kiharusi wakati wa homa, kwa hiyo chandarua, chanjo, maji ya kunywa ya kutosha na kupima malaria mapema ni sheria nyumbani. Mazoezi yanaendelea, ila sasa yanalenga mizani. Anakaa akiegemea mto, anacheka ovyo, na anamjua kila mtu kwa sauti.

Sasa wifi ni mjamzito. Uwezekano ni 1 kati ya 4, kama ulivyokuwa kwa mimba iliyotangulia. Mtoto wa kwanza kuugua hakupunguzi wala kuongeza. Transferini ya mtoto mchanga wa wiki za mwanzo huweza kutoka safi ilhali ni mgonjwa, kwa hiyo tumekubaliana na daktari kwamba hatutaanza nayo. Nitamtoa damu mwenyewe akizaliwa, na safari hii maabara haitasoma jeni zote: itatazama sehemu mbili tu, penye badiliko la baba na penye la mama, kwa gharama ndogo zaidi. Kaka ameshaanza kuweka akiba.