Kutafuta kazi, kutafuta kasa

Baba alipenda kunitania mbele ya wageni: "Wenziwe watafuta kazi, yeye atafuta kasa." Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, na kila asubuhi napanda matatu kutoka Malindi kwenda Watamu kujitolea bila mshahara. Nauli alinipa mama kimyakimya, kutoka pesa zake za maandazi.

Kilichonipeleka huko ni kasa niliyemuua kwa wema. Ami alimtoa kwenye wavu wa jarife akiwa amelegea kabisa, shingo inaning'inia. Mimi nikamgeuza chali nikidhani atapumua vizuri, nikammiminia maji usoni, ndoo baada ya ndoo. Akafa. Baadaye nikaja kujua kwamba kasa hupumua hewa kama sisi, na akinaswa chini ya maji huzimia, ukadhani ni maiti. Dawa yake ni kumlaza kifudifudi, sehemu ya nyuma iinuliwe kama sentimita 15 ili maji yatoke mapafuni, akae kivulini na kitambaa chenye unyevu mgongoni, pua zikiwa wazi. Halafu usubiri. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi, hata siku nzima. Mimi sikumpa hata nusu saa.

Watamu wapo Local Ocean Conservation, shirika lenye kituo cha kutibu kasa, walioanza mwaka 1997 wakiitwa Watamu Turtle Watch. Nilikwenda nikiwaza nitawakumbatia kasa. Wiki za kwanza nilikumbatia brashi. Tangi la mgonjwa lazima lioshwe na kutiwa maji mapya ya bahari, maana kidonda hakiponi katika uchafu. Ukimaliza kusugua unakata ngisi, unapima, unaandika daftarini amekula gramu ngapi na amebakisha ngapi. Daftari hilo ndilo lililonisomesha. Kasa halalamiki, utajua anaumwa kwa kuwa jana alikula na leo amegeuza uso.

Jambo jingine nililojifunza mapema, na ambalo vijana wengi hawalijui: huruhusiwi kumchukua mnyama wa porini ukamweka uani eti unamtibu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali. Ukimkuta mnyama ameumia, wapigie KWS, shirika la serikali la wanyamapori, au kituo kinachotambuliwa, na umwache kivulini mpaka wafike.

Nilichokuwa nacho mimi, na ambacho wageni waliokuja na digrii zao hawakuwa nacho, ni lugha ya wavuvi. Kasa wengi hufika kituoni kwa sababu mvuvi amepiga simu: amemnasa bila kukusudia, naye hupewa fidia ndogo ya usumbufu na nyavu. Sasa mzee aliyekula nyama ya kasa tangu utotoni, na aliyeuza mafuta yake kama dawa ya kifua, humwendei na hotuba. Unaanza na "Shikamoo, ami." Unauliza kusi imewatendaje, bamvua hii samaki wapo au hawapo. Habari ya kasa huja yenyewe, pengine siku ya tatu. Wenzangu waliponiona nimekaa tu kwenye gogo pale bandarini walidhani napoteza wakati.

Kuogelea nilikuwa sijui, tena binti wa mvuvi! Nilijifunza kwa aibu, maji yakikupwa, watoto wakinicheka. Mshahara ulikuja mwaka wa pili, mdogo, na baada ya hapo nikaanza diploma ya afya ya wanyama, kwa kuwa bila cheti sindano hukabidhiwi.

Mgonjwa aliyenikaa moyoni ni kasa mmoja aliyekuwa akielea. Kula plastiki humjaza gesi tumboni, mgongo wa nyuma unanyanyuka juu ya maji, anapiga mapezi na hazami, wala hafikii majani ya bahari anayokula. Tulimpa dawa ya kulainisha choo, tukangoja. Kazi yangu ilikuwa kuchuja kinyesi chake kwa chujio la jikoni. Nilitoa nyuzi za kamba na vipande vya mfuko mwembamba. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, lakini bahari haina forodha.

Miezi minne hivi. Kila asubuhi namtazama kwanza mgongo: umenyanyuka au umelala? Asubuhi moja nikamkuta ametulia chini kabisa ya tangi, nikashtuka nikidhani amekufa, nikaingiza mkono. Akanipiga pezi la uso.

Siku alipopelekwa baharini sikuwapo kwenye boti. Baba alikuwa amepiga simu kutoka Malindi, ana kasa mwenye ndoana kooni, amemlaza kifudifudi na kumfunika kwa kikoi chake, na aliuliza kama nusu saa inatosha au aendelee kungoja. Nikabaki nasugua tangi.