Mkono wa Shangazi

Nina saa 43 za picha za filamu nilizompiga mwenyewe bibi yangu, mwenye ugonjwa wa kusahau. Nilianza kumrekodi Jambiani, Unguja, mwaka 2021, na tangu Ramadhani ipite nimekuwa nikizipitia moja moja chumbani kwangu Temeke, usiku nikishatoka kazini, daftari pembeni. Kazi inayonilisha ni video za harusi. Hii ya bibi ni ya moyo wangu.

Usiku wa tatu niliona jambo lililonifanya nisimamishe kila kitu. Kila bibi anapokunywa uji, kuna mkono. Unaingia kutoka kushoto umeshika kikombe cha bati, unangoja ameze, unamfuta kidevu kwa pindo la kanga, unatoka. Bibi akilala mchana, mkono uleule unampepea kwa kipepeo cha ukili. Akitaka kusimama, inakuja mikono miwili, inampitia makwapani. Nikarudisha nyuma kutafuta uso wa mwenye mkono. Katika saa zote hizo 43 nilimpata kwa dakika sita tu, na nyingi kati ya hizo anapita na ndoo.

Mwenye mkono ni Shangazi. Analala chumba kimoja na bibi tangu 2017. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani kama wanawake wengi wa pwani ile ya kusini mashariki. Mwani unataka bamvua: maji yakikupwa sana ndipo unaingia kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, na siku hizo ni chache katika mwezi. Bahari haimngoji mtu, na bibi hawezi kuachwa peke yake kwa muda wa saa nne, maana aliwahi kutoka na kukutwa anaelekea Makunduchi kwa miguu, anarudi kwao kwa mama yake. Basi Shangazi aliacha mwani. Hakuna aliyemwambia aache, wala hakuna aliyemwambia ahsante. Na mimi, mwenye kamera, nilimkata kwenye picha kwa sababu nilikuwa natafuta uso wa mzee wenye mwanga mzuri wa dirishani.

Wengi wanaoanza filamu za maisha ya kweli hufanya hivyo hivyo nyumbani kwao. Mgonjwa anaonekana, mlezi anakuwa kama fanicha. Ukimwambia mlezi "sogea kidogo, unaziba mwanga," umeshaamua filamu yako inamhusu nani. Nilimwambia Shangazi maneno hayo mara nyingi. Nayasikia kwenye rekodi, sauti yangu mwenyewe, na yeye akijibu, "Haya mwanangu," anasogea.

Kuhusu ruhusa nilijitahidi zaidi. Bibi akikubali leo, kesho hakumbuki kama alikubali, wala hakumbuki mimi ni nani. Kwa hiyo kila asubuhi nilianza upya: shikamoo, mimi ni mtoto wa mwanao, nataka kukupiga picha, unaniruhusu? Siku nyingi alicheka akasema nipige. Siku nyingine alijifunika kanga usoni, nami nikairudisha kamera kwenye mkoba, hata kama nimesafiri kwa boti na daladala kwa ajili ya siku hiyo moja. Kuogeshwa kwake sikukurekodi hata mara moja. Kuna mambo ya mtu mzima hayafai kuonwa na watu, na ugonjwa wa kusahau haumvui mtu heshima yake.

Sauti nayo ilinifundisha. Maikrofoni ndogo ya kubana niliibana kwenye kanga mpya, nzuri, niliyomletea mwenyewe kutoka Dar. Kurekodi siku nzima nikasikia kuchakarika tu, maana kanga mpya ina wanga. Shangazi ndiye aliyeleta ile kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, akasema hii haipigi kelele, hata usingizini humfunika hii. Kuanzia hapo sauti ikawa safi. Tena ndiye aliyekuwa akinifasiria. Bibi ni mzaliwa wa Makunduchi, na kadiri Kiswahili cha redioni kinavyomtoka ndivyo anavyorudi kwenye Kikae, lahaja ya kwao ya utotoni. Mimi niliyekulia Temeke naachwa nusu ya maneno. Shangazi, akiwa nje ya picha, alikuwa akiniambia pole pole: anauliza kama kamba zimeshalowekwa, anasema mvua inakuja. Mpango wangu ulikuwa kuifuta sauti hiyo na kuweka maandishi chini ya picha. Sasa siifuti.

Nina pia picha za siku ya pensheni jamii. Serikali ya Zanzibar iliianzisha mwaka 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwanamke aliyesokota kamba za usumba maisha yake yote bila mshahara, ni jambo kubwa, na bibi alizishika noti zake kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Lakini kamera ilibaki inawaka, na sasa naona yanayofuata: Shangazi amekaa sakafuni anazipanga noti, hizi za pampasi, hizi za sabuni. Za kwake hazimo. Mlezi hana siku ya kwenda kupanga foleni na kutia sahihi.

Mwaka jana kazi zilinibana, nikawa siwezi kuvuka kila mwezi. Nikakumbuka filamu ya Maite Alberdi wa Chile, iliyoshinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2023, inayomhusu mwandishi wa habari Augusto Góngora aliyepatwa na Alzheimer na mkewe Paulina Urrutia. Maradhi ya korona yalipomzuia Alberdi kuingia nyumbani kwao, Urrutia mwenyewe alichukua kamera. Picha nyingine zilitoka na ukungu, na bado zimo kwenye filamu. Nikampelekea Shangazi simu yangu ya zamani. Nilimfundisha mambo mawili tu: ilaze ubavu, na ufute kioo kwa kanga kabla ya kuanza.

Kadi ya kwanza ya rekodi zake ilikuja na binamu yangu ndani ya bahasha. Rekodi ya tatu ni ya usiku. Giza tupu, mlango unagongwa kwa ndani, bibi analia anataka kutoka, na Shangazi anampigia kelele, "Kaa! Hebu kaa basi!" Halafu kimya, halafu Shangazi naye analia. Simu ilikuwa imewashwa kwa bahati mbaya. Nilimpigia, nikamwambia nimeisikia na naifuta, wala haitaonwa na mtu.

"Usiifute," akasema. "Nilikuwa sijalala siku mbili. Ukiwaonyesha namlisha uji tu, watasema kazi hii nyepesi."

Bado nasita. Ni ukali wake, lakini ni kilio cha bibi pia, na bibi siwezi kumuuliza. Shangazi anasema yeye ndiye anayemjua mama yake, na kwamba katika akili zake asingependa mwanawe abebe peke yake. Tumekubaliana nije Jambiani tuitazame pamoja, na ndugu wote wawepo, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Itakayofungua filamu nimeshaijua. Ni rekodi ya saba. Shangazi ameiegemeza simu kwenye chungu, akaingia mwenyewe kwenye picha na kukaa chini mbele ya miguu ya bibi, amechoka, hana kitambaa kichwani. Wako ndani, wawili tu, na kuiweka hiyo aliniruhusu yeye mwenyewe. Bibi anakitazama kile kichwa muda mrefu. Kisha anaanza kumfumua. Anafumua msuko mmoja mmoja, anachovya vidole kwenye mafuta ya nazi, anachora njia kwa ukucha wa kidole gumba kutoka utosini hadi kisogoni, imenyooka kabisa, anaanza twende kilioni. Anasahau katikati, anaifumua, anaanza tena. Shangazi amefumba macho. Dakika kumi na moja. Mwishoni simu inateleza kutoka kwenye chungu na kuanguka chali, kinabaki kuonekana bati la paa tu. Shangazi anataka kunyanyuka aiokote, na sauti ya bibi inamkataza:

"Tulia, mtoto we. Bado sijamaliza."