Saa 4,722 gizani

Nimemaliza sasa hivi kuangalia "4,722 Hours", ile sehemu ya tamthilia ya Marvel, Agents of S.H.I.E.L.D., ya mwaka 2015. Macho bado mekundu.

Mwanasayansi Jemma Simmons ametupwa kwenye sayari ya giza. Saa 4,722, jamani, ni zaidi ya miezi sita!

Njaa na kiu yake nilivumilia. Kilichoniliza ni simu.

Mtandao hakuna, lakini anaiwasha, anaitazama picha ya Fitz, mwanasayansi mwenzake, na kuongea naye kama vile wamekaa pamoja.

Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza ugenini. Vocha imeisha, usiku umeingia, nami namsimulia mama siku yangu kwa sauti ya chini, kidole juu ya picha yake.

Nyie mngeongea na nani? Niambieni.