Kisanduku changu nusura kinimalizie mama

Nilikinunua Kampala kwa kama shilingi 20,000 hivi. Cha plastiki, vyumba 7, kila siku na chumba chake. Kila Jumapili napanda taksi mpaka Bombo kwa Mama, najaza vidonge, narudi mjini nikijiona hakuna mtoto mwema kama mimi.

Mama ana presha na sukari. Kabla ya kisanduku, leo anameza dawa, kesho anasahau. Baada ya kisanduku hakukosa hata kidonge kimoja. Ndipo akaanza kuamka alfajiri amelowa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Siku moja akaanguka akienda kutawadha.

Ushauri ukamiminika. Kliniki moja ya jirani ikasema malaria, akachomwa sindano siku 3. Kipimo chenyewe sikukiona. Shangazi akasema majini. Jamaa mmoja mjuaji akasema sukari imepanda, apunguziwe chakula, usiku anywe chai tu, tena isiyo na sukari. Na tukamtii huyo! Mpaka leo nikimwona njiani navuka upande wa pili.

Nikampigia mfamasia mmoja niliyesoma naye, nia yangu anitajie vitamini ya nguvu. Akauliza Mama anameza nini. Nikamsomea bahasha: "Sukari, 1x2." Akasema hilo si jina la dawa, Jumamosi nakuja. Hakutaka malipo, nilimtilia tu mafuta ya pikipiki.

Alipofika nikamwambia Mama alete dawa zote. Akaleta paketi 3. Ndizo hizo tu? Ndizo. Nikauliza tena, kwa sauti ya polisi, akanuna. Mwenzangu akanikonyeza ninyamaze. Akanywa chai, akasifu mandazi, akauliza habari za hija. Halafu, kama mtu anayepitisha muda tu: "Hajati, jirani akikugongea usiku na mtoto mwenye homa, wewe humsaidiaje?"

Lo! Mama akainuka bila kushika magoti, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Duka zima! Panadol, kapsuli za rangi mbili zilizobaki za mjukuu, majani makavu ya mululuza, yale machungu ya dawa ya kienyeji, na diklofenaki tele. Za magoti, kumbe anazimeza kila siku. Kwake hizo si dawa, dawa ni za daktari.

Mfamasia akazitandaza mkekani kama muuza mitumba, akaomba na lile daftari la shule analoandikiwa matibabu. Humo ndimo alimokuta kidonge cha kwenye bahasha, kilichotoka kituo cha afya cha serikali: glibenklamidi. Kwenye paketi ya kliniki ya Kampala, nilikompeleka mimi mwenyewe, kulikuwa na glimepiridi. Majina mawili, kazi moja: zote zinalisukuma kongosho litoe insulini ya kushusha sukari, umekula hujala. Kila daktari alidhani yake iko peke yake. Na mimi kila Jumapili nazipanga zote mbili chumba kimoja, halafu tunamnyima Mama chakula cha jioni. Usahaulifu wake wa zamani ndio uliokuwa ukimlinda!

Diklofenaki nayo inapandisha presha na kuumiza figo, na figo zikichoka, dawa ya sukari inakawia kutoka mwilini. Hapo Mama alibisha kweli, magoti ni yake. Wakapatana kwa Panadol, tena kwa kipimo.

Hakumwachisha dawa ya sukari kwa amri yake. Alimpigia daktari palepale barazani, wakakubaliana glibenklamidi iondoke na chakula cha jioni kirudi. Mashine ya kupima sukari ilininyonya laki moja na ushee. Usiku ule nililala palepale. Saa 11 alfajiri jasho likaanza, nikapima: milimoli 3.1 kwa lita. Chini ya 4 ni ya kukimbilia sukari. Nikamkorogea maji ya sukari, akanywa. Robo saa hivi, ananiuliza kwa nini nimekaa kitandani kwake na viatu. Jini limeondoka bila ubani. Halijarudi.

Kisanduku bado tunakitumia, ila siku hizi siweki kidonge nisichojua jina. Kopo la biskuti amekataa kulitoa. Juzi nililitikisa kidogo tu, akaniita toka jikoni: "Na wewe umekuwa mfamasia lini?"