Neno la kwenye fomu ya bibi

Leo asubuhi nilimpeleka bibi kupimwa meno ya bandia, na kwenye fomu yake daktari akaandika neno ambalo sikuwahi kuliona: edentulous.

Bibi aliniona nimekunja uso. "Mjukuu wangu, ni ugonjwa gani huo?"

Daktari alitueleza kwamba ni kivumishi chenye asili ya Kilatini, ambamo e- huashiria kukosa na dens ni jino, mzizi ule ule uliozaa neno dentist. Matabibu hukitumia kumweleza mtu asiye na jino hata moja, ilhali Waingereza mitaani ni nadra kukitumia.

"Kumbe kibogoyo tu!" akasema bibi, akacheka mpaka fizi zote zikaonekana.

Ndugu zangu, ni neno gani la hospitalini liliwahi kuwatisha bure?