Safari ya porini na watoto na mbwa, mwendo ni wa mbwa

Tumeshazoea sasa kutoka na watoto na mbwa wetu, gari moja wote, na kitu ninachokiamini kabisa ni kwamba safari ya hivi inaenda kwa mwendo wa mbwa, ukilikubali hilo kabla hata hamjawasha gari basi kila mtu anafurahi.

Kwanza uliza kama wanaruhusiwa. Hifadhi za taifa nyingi hazitaki mbwa kabisa, na hata Yellowstone kule Marekani ambako wanaingia, haruhusiwi kwenye njia za kutembea, anabaki karibu na barabara na kambi tena kwenye kamba. Wapo wanaokasirika, mi nakubaliana na hiyo sheria asilimia mia. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa huohuo unaoshika mbwa wetu wa nyumbani, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba jamani! Kwa hiyo sisi tunatafuta misitu na fukwe wanaporuhusiwa, na chanjo zote zinakuwa tayari mapema, ya kichaa cha mbwa ikiwemo.

Halafu joto, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye nyayo, kinachompoza ni kule kuhema ulimi nje, sasa ukimfungia ndani ya gari lililopaki juani hewa anayovuta yenyewe ni ya moto, atapoa vipi? Nje inaweza kuwa nyuzi 21 tu, hali ya hewa nzuri kabisa, lakini ndani ya gari dakika 10 zinatosha kuvuka 30 na nusu saa unakaribia 40, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii chochote cha maana. Ndo maana kwetu lazima mtu abaki na mbwa, akikosekana wa kubaki basi hakuna anayeingia popote. Watoto wanaipenda sana hiyo zamu, wanajua na dalili za mbwa kuzidiwa na joto: anahema kwa kasi haachi, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anayumba. Ukiona hivyo mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kumpoza ndiko kunakoanza.

Ndani ya gari afungwe mkanda wake siti ya nyuma, asitoe kichwa dirishani maana vumbi na vijiwe vinaumiza macho, na chakula apewe masaa kadhaa kabla ya kuondoka ili asitapike.

Tukishafika ndo raha yenyewe sasa. Mbwa akisimama kunusa tunasimama wote, hatumvuti, na watoto wanainama kuangalia amenusa nini, mara nyayo za mnyama, mara kinyesi kina manyoya ndani, mara shimo ambalo sisi watu wazima tungelipita tu tukiwahi kufika juu. Njia fupi inachukua nusu siku na hakuna mtoto anayeuliza tunafika saa ngapi. Mi sa hivi sipangi tena njia ndefu, sioni faida yake.

Maji tunabeba ya kutosha ya mbwa pia. Yale yaliyotuama hawanywi, homa ya mgunda inapatikana humo kupitia mkojo wa panya na wanyama wengine, na maji yenye utando wa kijani au bluu juu yanaweza kumuua mbwa siku hiyohiyo.

Na kabla hawajapanda gari kurudi ni kukagua kupe, masikioni, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole. Kupe usimchome wala usimpake mafuta, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi uvute moja kwa moja taratibu, safisha hapo, nawa mikono, na kesho yake kagua tena maana wengine ni wadogo mno siku ya kwanza huwaoni.